Nani Kanipunguzia Upepo?

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti na madirisha ya chuma Kihonda, na jioni nikitoka karakana, nikishaoga na kutoa moshi kichwani, nacheza gemu. Nimefanya hivyo tangu sijaoa. Mafundi wenzangu wanalijua jambo hili, na wale wenye mashine za gemu nyumbani kwao hunijia na ombi moja: "Kaka, nipe gemu kali."

Nami nawapa ngumu. Sijui kupendekeza nyingine. Naazimisha, naeleza, naapa kwamba ikifika siku ya tatu watanishukuru. Siku ya pili naletewa gemu yangu pamoja na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Fundi rangi mmoja, mtu mpole kabisa, alinirudishia diski ya gemu akiwa ameishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Akaniambia, "Ndugu yangu, huu siyo mchezo, hii ni adhabu. Mchana kutwa nagombezwa na bosi, jioni nikagombezwe tena na TV?"

Nilijua tu kwamba gemu iliyonishinda wiki nzima hunipa furaha ambayo gemu nyepesi haijawahi kunipa, lakini ukinikaba nieleze kwa nini, nilikuwa nababaika. Aliyenieleza ni mama mkwe wangu, mkulima wa ndizi na viungo kutoka Matombo kule milimani, ambaye hadi mwaka ule alikuwa hajawahi kushika pedi ya gemu mkononi.

Alikuja kukaa kwetu wakati mvua za masika zimepamba moto. Alikuwa akishuka kutoka shambani kwake na mkungu wa ndizi kichwani, akateleza kwenye tope, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika. Akaletwa hospitali mjini, mkono ukafungwa hogo jeupe la plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, na mke wangu akakata shauri palepale wodini: mama harudi mlimani mpaka mkono upone. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Binti yetu, wakati huo yuko darasa la nne, akafurahi kulala kitanda kimoja na bibi yake.

Mimi sikujua pa kujiweka. Mimi ni Mgogo. Nimekulia katika nyumba ambayo mkwe unamsalimia umeinamisha kichwa, huli naye sahani moja, hukai naye mkeka mmoja, na ukikutana naye njiani unampisha mapema. Yeye naye, Mluguru wa zamani, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, alikuwa na adabu zake hizohizo. Kwa wiki kadhaa mazungumzo yetu yote yalikuwa haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeshindaje?"

"Salama, mama. Mkono?"

"Upo."

Basi. Akiingia sebuleni, mimi nakumbuka kwamba kuna kitu nimesahau nje. Nikiingia mimi, yeye anakumbuka sufuria jikoni, ingawa jikoni alikuwa amekatazwa kugusa chochote. Mashine yangu ya gemu ilikaa chini ya TV, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mimi naitazama nikipita.

Hogo lilipoondolewa, mkono ulitoka mwembamba, ngozi imepauka, vidole vimekakamaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampa mpira wa tenisi. Aubinye asubuhi, aubinye jioni, na azungushe kidole gumba mpaka kilainike. Mama mkwe aliubinya siku mbili. Siku ya tatu nikamsikia uani akimwambia mke wangu, "Nakamua nini hapa? Hakitoki kitu." Mpira akampa mjukuu akachezee.

Mke wangu alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Ni mwalimu wa shule ya msingi, hajazoea mwanafunzi wa kumgomea. Jioni moja tukiwa tunakula, wanawake mkekani na mimi kwenye kiti changu karibu na mlango, binti yetu akasema, "Si bibi acheze gemu za baba? Zile vidole vinafanya kazi vyote."

Tukacheka. Kisha nikaona mke wangu ameacha kucheka na ananitazama.

Kesho yake nikaifunua mashine. Nilitafuta iliyo laini kuliko zote nilizonazo, gemu ya shamba ambayo binti yetu huicheza. Unapanda mbegu, unamwagilia, unavuna, kuku wanakuja wenyewe. Nikamwekea mama mkwe pedi mapajani, nikamwonyesha vile vijiti viwili vidogo vinavyosukumwa kwa vidole gumba, na vitufe vya pembeni. Kisha nikasogea mbali, heshima isivunjike.

Alicheza kama nusu saa. Akavuna mahindi, akapanda, akavuna tena. Akageuka kwa mke wangu, maana kunigeukia mimi moja kwa moja bado ilikuwa vigumu.

"Hapa hamna ngedere?"

"Hamna, mama."

"Nguruwe pori?"

"Hamna."

"Mvua ikizidi, hayaozi?"

"Hayaozi, mama. Ni mchezo tu."

"Haya mahindi hayana haja na mimi," akasema, akaweka pedi chini. "Yataota hata nikienda kulala."

Nikaja kuiondoa ile gemu, na wakati nabadilisha, kwenye kioo cha TV ikapita picha ya gemu niliyokuwa nikihangaika nayo mwenyewe kabla hajaja. Mwanamke ana mtungi wa maji kichwani, amesimama chini ya mlima. Mama mkwe akainua kichwa.

"Huyo anakwenda wapi?"

"Juu kabisa, mama. Kuna nyumba, anapeleka maji."

"Njia ikoje?"

"Mbaya sana. Hii ni ngumu, mama. Hata mimi imenishinda."

Akanyoosha ule mkono mwembamba. "Ilete."

Gemu yenyewe ni rahisi kueleza. Kijiti cha kushoto kinatembeza miguu, cha kulia kinaweka shingo na mtungi sawa. Mlimani kuna chemchemi tisa. Ukifika kwenye chemchemi, unajaza maji na hapo ndipo unapoanzia tena ukikosea. Mtungi ukianguka umevunjika, unarudi kwenye chemchemi uliyotoka. Hakuna adui, hakuna bunduki, hakuna saa inayokukimbiza. Kuna mawe yanayoteleza, matuta, magogo na upepo. Mimi nilikuwa nimekwama miezi mingi kwenye daraja la gogo baada ya chemchemi ya sita.

Siku hiyo ya kwanza mtungi wa mama mkwe ulivunjika mara nyingi mpaka binti yetu akachoka kuhesabu. Kijiti cha kulia ndicho kilichomsumbua, kwa sababu kilihitaji kidole gumba cha ule mkono mbovu. Mtungi unainama, anauwahi, anazidisha, unaangukia upande wa pili, paa! Na kila ukivunjika, badala ya kukasirika, alikuwa anaguna, "Ee," kama mtu aliyeambiwa jambo la maana, na anaanza tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, tayari kuja kumwondolea aibu. Hakuwa na aibu yoyote. Tulipomwita kula, alisema, "Ngoja kwanza, nimeshajua lile jiwe."

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Narudi karakana saa kumi na moja, naoga, nakuta amekwisha kaa. Mke wangu anasahihisha madaftari pembeni, binti yetu yuko katikati anashangilia, nami nipo kwenye kiti changu cha mlangoni, ambacho bila mtu kukisogeza kilikuwa kila siku kinakaribia mkeka. Tukaanza kupokezana. Mtungi wake ukivunjika mara tano, ananipa pedi, naendelea na mlima wangu kule juu kwenye gogo.

Jioni moja nilikuwa nimefika karibu na mwisho wa lile daraja, hatua tatu tu, upepo ukaja, mtungi ukaenda. Likanitoka tusi. Siyo la Kiswahili, la Kigogo, lile ambalo babu yangu alikuwa akiliweka akiba kwa ajili ya punda. Mke wangu akainua kalamu nyekundu, akaiacha hewani. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama mkwe akauliza taratibu, akitazama mbele, "Hilo ni neno la kwenu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe sana, mama."

"Maana yake nini?"

"Siwezi kulisema mbele yako, mama."

Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akaushika ule mkono mbovu kwa mkono mzima. "Basi nifundishe hivyohivyo bila maana," akasema. "Yangu yote ya Kiluguru nimeshayamaliza kimoyomoyo pale kwenye jiwe."

Tangu siku hiyo nilikaa mkekani.

Na ni siku hizo ndipo alipoanza kunikosoa. Aliniangalia nikianguka kwenye lile gogo mara mbili, tatu, akasema, "Baba, wewe unatazama mtungi."

"Natazama usianguke, mama."

"Nani anabeba mzigo kichwani akautazama? Utauonaje? Mtungi unausikia. Macho yanatazama mguu unapokwenda."

Nikamwambia huku ni kwenye kioo, mtungi unaonekana, na haiwezekani kuusikia. Akaniambia nijaribu. Nikajaribu, macho miguuni, na kidole gumba cha kulia kikiachwa kifanye kazi yake chenyewe. Nilianguka, lakini nilianguka mbele zaidi kuliko siku zote. Nilikuwa nimecheza gemu tangu ujana wangu, na sikuwa nimewahi kusahihishwa na mtu aliyekuwa na wiki mbili tu za kucheza.

Baada ya chemchemi yake ya nne alikutana na mgongo wa mlima, njia nyembamba, bonde huku na huku, upepo unavuma kutoka kushoto. Alikwama. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tano nikaona anakunja uso kila akisukuma kijiti, na akimaliza anakificha kile kidole chini ya kanga anakikanda. Jikoni mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe unamtesa mama yangu. Mkono unamuuma na hasemi. Hiyo gemu yako haina njia ya kumsaidia mtu?"

Ilikuwa nayo. Kwenye orodha ya mipangilio kuna sehemu ya kupunguza upepo. Sikuwahi kuigusa katika maisha yangu. Lakini huyu ni mkwe, na mkono wake ulikuwa mgonjwa. Asubuhi kabla sijaenda kazini, yeye akiwa uani anaota jua, nikawasha mashine, nikashusha upepo hadi nusu, nikazima. Nilikwenda karakana nikijiona mtu mwema.

Jioni akakaa, akashika pedi, akaanza kuvuka. Akavuka. Mara ya pili tu, akafika chemchemi ya tano. Binti yetu akapiga vigelegele, mke wangu akapiga makofi, mimi nikapiga makofi kuliko wote.

Mama mkwe aliitazama chemchemi ile. Kisha akaiweka pedi sakafuni, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Upepo umekwenda wapi?"

Mke wangu akanitazama.

"Jana kanga ya huyu mwanamke ilikuwa inapepea hivi," akaonyesha kwa mkono, "leo inapepea hivi. Nani kanipunguzia upepo?"

"Ni mimi, mama," nikasema. "Niliona mkono..."

"Baba, mimi nimepita pale?"

"Umepita, mama."

"Sijapita. Umenipitisha." Akainuka, akaenda chumbani.

Siku mbili hakugusa pedi. Alimwomba mjukuu ule mpira wa tenisi, akakaa nao uani mahali ambapo kila anayetoka na kuingia lazima amwone, akawa anaubinya huku anatazama Milima ya Uluguru kwa mbali, mawingu yameikalia. Salamu zikarudi kuwa zile za mwanzo. Shikamoo, marahaba, mkono, upo.

Kwa desturi ningemtuma mke wangu akaniombee radhi. Nilijaribu. Mke wangu akakataa, akasema yeye naye ana kesi humohumo. Kwa hiyo siku ya tatu, nikitoka kazini, kabla ya kuoga, nikaenda nikachuchumaa mbele yake na vumbi langu la chuma.

"Mama, nimekukosea. Nilitaka kukusaidia."

Aliendelea kubinya mpira kidogo. Kisha akasema, "Kule kwenye mlima wako, kila nilipoanguka, nilijua nimeangukia nini. Mguu niliuwahisha, au nilijikaza bega. Usiku nikilala nawaza, kesho nalirekebisha. Kweli kesho yake nafika mbele kidogo. Sasa umeondoa upepo, nitajuaje kama aliyejifunza ni mimi?"

Nikautazama ule mpira kiganjani mwake.

"Halafu," akaendelea, na sauti ikashuka, "tangu nije hapa kila mtu ananionea huruma. Nikishika ufagio, mama acha. Nikishika ndoo, mama acha. Mnanipenda, najua. Lakini kile kilima ndicho peke yake hakikuniambia mama acha. Kiliniambia, umekosea, njoo tena. Nilikuwa nakipenda kwa hilo."

Nilichuchumaa pale mpaka magoti yakauma. Nilimfikiria fundi rangi na swali lake la kugombezwa na TV, nikaona nilichoshindwa kumwambia. Bosi anamgombeza leo kwa hili, kesho kwa lile, na hajui atampendezaje. Mlima ule ulikuwa na kanuni zilezile kila siku, kwa mama mkwe na kwangu, na hazikubadilika mpaka mimi mjinga nilipozibadilisha.

"Nikurudishie upepo, mama?"

"Wote," akasema. "Na unirudishe kwenye chemchemi ya nne."

Ilimchukua siku nne zaidi. Mara hii alikuwa anacheza kidogo, anapumzisha kidole, anasema mwenyewe mkono ukiuma, nami naukubali uamuzi wake bila kuingilia. Siku ya nne akavuka ule mgongo wa mlima katika upepo wote, kanga ya mwanamke imelala kama bendera. Hakupiga kelele. Aligeuka akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimuoe binti yake, akasema, "Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Sasa piga makofi."

Nikapiga.

Kutoka hapo alikwenda kwa kasi iliyonitia wivu. Chemchemi ya tano, ya sita, na mwisho akanikuta palepale nilipokwama, kwenye daraja la gogo. Tukawa wawili. Tulianguka kwa zamu. Mke wangu alianza kuweka madaftari kando ili aone vizuri. Binti yetu akatunga wimbo wa gogo ambao sitauandika kwa sababu ulikuwa unanitaja vibaya.

Shida ya pale ni kwamba upepo hauvumi mfululizo. Unakuja ghafla, unakata, unakuja tena, na mimi siku zote niliamini unakuja ovyo. Nilikuwa nimewaambia watu karakana kwamba sehemu ile ni ya bahati. Jioni moja mama mkwe alishika pedi lakini hakutembea. Alisimama tu mwanzo wa gogo, dakika nzima, anatazama.

"Mama, imekwama?"

"Nyamaza kidogo, baba. Tazama yale majani ya ng'ambo."

Kwenye ukingo wa pili kulikuwa na majani marefu, yamechorwa kwa rangi hafifu. Mimi niliyahesabu kuwa mapambo. Yakainama. Nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, upepo ukafika kwenye gogo. Yakanyooka. Yakainama tena, moja, mbili, upepo.

"Yanajua kabla," akasema. "Kila siku yalikuwa yanatuambia."

Nilishika kichwa. Miezi yote ile! Gemu haikunificha kitu. Ilikuwa imeniwekea jibu mbele ya macho, ikaningoja nikue. Naona hapo ndipo penye utamu wote wa gemu ngumu iliyotengenezwa vizuri: unapofumbuliwa macho, hakubadiliki kitu kwenye kioo, unabadilika wewe, na njia ileile iliyokutesa inakuwa njia ya kupita. Tulivuka wote wawili jioni ileile, yeye kwanza, mimi baadaye. Tukashikana mikono kama wachezaji wa mpira, kisha tukakumbuka sisi ni wakwe, tukaachiana haraka.

Alimaliza mlima siku ya Jumapili baada ya misa. Habari zilikuwa zimeshaenea, kazi ya binti yetu, kwa hiyo sebuleni walikuwamo majirani watano na wengine dirishani. Kipande cha mwisho ni ngazi za mawe zilizolowa ukungu, huoni mbele zaidi ya hatua mbili. Umeme ulikatika akiwa katikati. Watu wakapiga ukelele kama vile yeye mwenyewe ameanguka. Tukakaa tukasubiri, tukanywa chai, hakuna aliyeondoka. Umeme uliporudi ilibidi aanze kutoka chemchemi ya tisa, na jirani mmoja akamwambia pole. Akamjibu, "Pole ya nini? Nitapanda mara mbili."

Alipofika juu, mlango wa ile nyumba ukafunguka, watoto wakatoka na vikombe, mwanamke akaanza kuwamiminia maji mmoja mmoja. Hakukuwa na nyota wala fataki. Mama mkwe alitazama mpaka mtoto wa mwisho alipokunywa. Kisha akasimama, akafunga kanga kiunoni, akacheza ngoma ya kwao mbele ya TV, mikono yote miwili juu, ule mbovu umenyooka sawasawa na mwingine. Mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Vigelegele vya majirani vilifika hadi barabarani.

Wiki hiyo tulimrudisha hospitali kuonana na mtaalamu wake. Akamkunja vidole, akazungusha kifundo, akashangaa. "Mama, umefanya zoezi gani?"

"Nimebeba maji mlimani," akajibu.

"Nilikukataza kubeba kitu!" mtaalamu akafoka. Ilibidi mke wangu aeleze, na maelezo yake yalizidi kumchanganya yule kijana, mpaka mwisho akaandika tu kwenye kadi kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Akarudi Matombo. Haukupita mwezi, akapiga simu. Baada ya salamu za watoto, mvua na ndizi, akasema, "Baba, huna nyingine? Isiwe laini."

Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kuombwa gemu. Nikatafuta mashine iliyotumika, nikaichagulia gemu tatu, na Jumamosi moja nikapanda nazo, njia mbovu kama kawaida yake, nimezipakata. Nyumbani kwake kuna umeme na TV ndogo aliyonunuliwa na mwanawe wa kiume. Nikakuta ameshatandika mkeka, na pembeni ameketi jirani yake, mama mjane wanayesali naye jumuiya moja. Hewa ya pale ilinukia mdalasini uliokuwa umeanikwa nje.

Gemu ya kwanza aliijaribu kidogo akaikataa. Ni ya pango, na mara kwa mara joka linatoka nyuma yako bila dalili yoyote. "Hii ni ya kuvizia," akasema. "Haitaki nijifunze, inataka nishtuke." Ya pili ilikuwa ya kuua maelfu ya wadudu walewale. "Hii siyo ngumu, ni ndefu tu. Kama nataka kupalilia, shamba lipo." Nilikuwa nasikiliza kama mwanafunzi. Yote aliyoyasema ni mambo niliyokuwa nayajua vidoleni na sikuwahi kuyajua mdomoni. Siku hizi mtu akinijia karakana kutaka gemu, hayo ndiyo maswali ninayoyauliza kwanza kabla ya kuazimisha, na zinazorudi ni chache.

Ya tatu inachezwa na watu wawili. Wamebeba kabati refu, mmoja mbele, mmoja nyuma, wanalipitisha katika vichochoro vya mji wenye ngazi nyingi, na likigonga ukuta mara tatu vyombo vya ndani vinamwagika, mnaanza upya. Mama mkwe akampa jirani yake pedi ya pili. Akamwonyesha vijiti, akamwambia, "Utaanguka sana. Ukianguka, usiniangalie mimi. Angalia ulikosea wapi."

Wakaanza. Kwenye kona ya kwanza tu kabati likakwama, wakaanza kusutana, nani kavuta, nani kasukuma, Kiswahili kikawaishia wakaingia Kiluguru, na yule mjane aliyenisalimia kwa sauti ya kanisani akawa anapiga paja lake kwa kiganja. Nilikunywa chai yangu, nikala ndizi, nikaona mawingu yanashuka kwenye migomba. Mvua ingenyesha na njia ingekuwa tope, kwa hiyo nikainuka kuaga.

"Mama, mimi nashuka."

"Haya, baba, nenda salama, wasalimie," akasema, macho kwenye kioo. "Kushoto! Kushoto nimesema!"

Nikasimama kidogo mlangoni. Tangu nioe, sijawahi kutoka nyumba ile bila mkwe wangu kunisindikiza hadi barabarani, mvua au jua, na kunikabidhi kitu mkononi. Siku hiyo nilishuka peke yangu, mikono mitupu, nikisikia nyuma yangu vyombo vikimwagika na wanawake wawili wakicheka.